Utupa ni upi hasa? Watu wa Mwanza njooni mnieleze

#1 Mbondei Mhamiaji

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtu wa Muheza, kazi imenileta Mwanza, nimepanga Buhongwa. Nilivuna mahindi kidogo kwenye shamba la kukodi Misungwi na sasa naona unga wa dumuzi umeanza kumwagika chini ya gunia. Nikampigia mama. Akanijibu kama anavyojibiwa mtoto: "Si utafute utupa, ukaushe kivulini, uponde, uchanganye? Huko Mwanza hakuna utupa?"

Nikamuuliza jirani. Akanyoosha kidole kwenye ua wake mwenyewe. "Utupa si huo?" Naangalia, naona vile vijiti vya kijani vilivyosongamana, majani hayaonekani, ukivunja kinachuruzika maziwa meupe. Utupa wa kwetu siyo huo hata kidogo. Wa kwetu una majani yaliyopangana pande mbili za kijiti, maua meupe au zambarau, na maganda yenye manyoya kama maharage yaliyovalishwa sweta.

Nasema wazi: watu wa Mwanza majina ya mimea mmeyavuruga. Anayebisha aje na hoja.

#2 Kapuku wa Igogo

Nimekaa paleee. Mwenye kahawa apitishe.

#3 Ng'wana Ngudu

Mwadila, mleta uzi. Umefika juzi, umeshaanza kutufokea.

Huo mmea wa jirani yako, Msukuma yeyote atakwambia ni mnyaa. Ua wake ni ua wa minyaa. Utupa hatujawahi kuuita. Kabla hujatuhukumu wote, muulize jirani yako kwao ni wapi.

Nikuongezee kitu ambacho huko Muheza hamna. Ukipita Kwimba, Magu au hukohuko Misungwi unakolima, ukakuta duara la minyaa mizee katikati ya mashamba na ndani hakuna nyumba, ujue hapo palikuwa na kaya. Wenyewe wamekufa au wamehama, nyumba ya udongo imeyeyuka na mvua, ng'ombe wamegawanywa, minyaa imebaki inalinda ua usio na mtu. Tunaita matongo. Wapo wazee wanaoweza kusimama kwenye duara hilo wakakwambia jiko lilikuwa wapi na zizi lilikuwa wapi, kwa kuangalia tu pengo la mlango lilivyokaa. Mnyaa ng'ombe haulambi, kijiti ukikichomeka tu ardhini kinashika, ukame hauujui. Ila maziwa yake yasikuguse jicho. Utaita mama wa Muheza na wa Mwanza.

#4 Ticha wa Mkolani

Mbona mko sahihi wote.

Utupa wa mama yako Muheza ni *Tephrosia vogelii*, mmea wa jamii ya kunde. Wa jirani ni *Euphorbia tirucalli*. Hawana undugu wowote. Kilichowapa jina moja ni kazi: yote miwili, sehemu mbalimbali, imetumika kulevya samaki. Kwa hiyo aliyesema "utupa" zamani alikuwa anataja sumu ya samaki, mti ukafuata baadaye. Mti wowote uliofanya kazi hiyo ukapewa cheo.

Utupa wenu una kitu kinaitwa rotenone. Kinazuia chembe za mwili wa samaki kuitumia oksijeni, samaki anakosa nguvu na kuelea wakati maji yenyewe yana hewa tele. Hiyohiyo ndiyo inayoua wadudu. Sasa kuhusu mahindi yako: kama ni mbegu ya kupanda, sina neno. Kama ni ya kula, ongea na bwana shamba kwanza. Kuwa ya kienyeji hakuifanyi isiwe sumu.

#5 Mbondei Mhamiaji

Ticha, asante. Mahindi ni ya kula, basi nitauliza.

@Ng'wana Ngudu, nimemuuliza jirani. Kwao Bagamoyo. Lakini ameoa hapa, amezaa hapa, Kisukuma anaongea kuliko mwenye nyumba wangu. Namhesabu ni wenu. Hoja yangu iko palepale.

#6 Kapuku wa Igogo

Mpira umeshaingia wavuni, jamaa bado anadai kona.

#7 Nyar Shirati

Habari zenu. Mimi niko Rorya. Kijaluo, mnyaa ni *ojuok*. Na ndulele, ile nyanya pori yenye matunda ya njano na miiba, ni *ochok*. Sasa sema haya majina mawili harakaharaka.

Shemeji yangu ni Mkurya. Mzee wetu aliumwa jino, akamtuma shemeji akachume ochok, kwa sababu tunda lake wazee walikuwa wanalitumia kwa jino. Shemeji kwenda, kurudi, ameshika tawi la ojuok, maziwa yanadondoka mpaka kwenye kandambili. Mzee akaliangalia, akamwangalia na yeye. "Mwanangu, umekuja kunitoa jino au kunitoa macho?"

Kuna wanaosema ojuok limetokana na *juok*, mambo ya uchawi, kwamba ulipandwa kuzunguka boma ili wachawi wa usiku wasipite. Wengine ukiwaambia hivyo wanacheka, wanasema ulipandwa fisi wasipite.

#8 Bint Kisauni

Hiyo ndulele yenu huku Mombasa twaita mtunguja. Jina la ndulele nimelijua kwa kusoma humu.

#9 Mbondei Mhamiaji

Kwetu mtula. Tunda lake tula. Mnaona sasa? Mmea mmoja tumeshafika majina manne na bado hatujatoka ukurasa wa kwanza.

#10 Mvuvi wa Kayenze

Nasoma kwa wasiwasi hapo Ticha alipogusa samaki. Niwakumbushe tu kwamba Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inakataza kuvua kwa sumu, iwe ya dukani au ya porini. Sumu haichagui samaki mkubwa, inamaliza na vifaranga, na hayo maji kuna watu wanachota kwa ndoo wanapeleka jikoni. Tuongee majina, njia za kuvua tuziache.

#11 Mama Fungu wa Igoma

Wanangu, mnahangaika na miti ya ua. Njooni kwenye meza yangu muone majina yanavyosumbua mtu anayetafuta riziki.

Nauza mboga Igoma. Asubuhi anakuja dada wa Moshi: "Mama, mnafu upo?" Namfungia. Anafuata dereva wa lori, Mkenya: "Nipatie managu." Namfungia ileile. Anakuja mtu wa Pwani kama mleta uzi: "Nataka mnavu." Namfungia ileile, kwa bei ileile. Hapo sina ugomvi na mtu. Wengine wananiuliza kama vile vitunda vyake vyeusi ni sumu. Watoto wa kwetu wanavila vikiiva vizuri vikawa vyeusi, vibichi vya kijani hapana, hivyo msijaribu.

Shughuli iko kwenye mlenda. Huo ni jina moja na mimea haihesabiki. Kuna wenye majani membamba yenye meno pembeni, na chini ya jani vindevu viwili, Wajaluo wanauita *apoth*. Huo naulima mwenyewe. Kuna unaoota wenyewe mashambani baada ya mvua, maua ya waridi kama ya ufuta, wengine wanauita ufuta pori. Nao ni mlenda. Kuna wateja wakisema mlenda wanataka bamia, niwakatie tayari kwa kupika. Siku moja akaja mama wa Singida, nikamwonyesha fungu bichi zuri, umande haujakauka. Akalitazama kwa huruma. "Huu siyo mlenda, haya ni majani." Alikuwa anataka ule uliokaushwa na kusagwa. Nikamwambia mama, hata huo unga wako ulikuwa majani kabla hujatwangwa. Akaondoka hajanunua.

Kwa hiyo mimi nakubaliana na Ticha kwa njia ya mezani: kinachoteleza ndiyo mlenda. Mti wowote ukiteleza, karibu.

#12 Mnyaturu Asiyeteleza

Mama Fungu shikamoo. Hapo mwisho umetuonea. Mlenda ni ule wa porini, unachumwa wakati wa mvua, unakaushwa, unasagwa, unakula mwaka mzima. Bamia ni bamia. Kama kila kinachoteleza ni mlenda basi na barabara ya kwetu Aprili ni mlenda.

#13 Mama Fungu wa Igoma

Marahaba baba. Wewe njoo na hela, utakayoiita ndiyo nitakayokufungia.

#14 Ng'wana Ngudu

Mama Fungu usisahau mgagani. Hapo ndipo Kanda ya Ziwa tulipowafundisha watu kula. Uchemshwe, umwage maji ya kwanza kupunguza uchungu, uweke maziwa au karanga za kutwanga, ugali wa mtama pembeni. Anayesema ni mchungu alipikiwa na asiyejua.

#15 Bint Kisauni

Mgagani twaujua. Kuna wazee wa huku waliouita mkabilishemsi. Shemsi ni jua, na mmea huu majani yake hulielekea jua likipanda na likishuka, ndiyo maana. Jina tamu kuliko mboga yenyewe.

#16 Kapuku wa Igogo

Si hiyo ni alizeti, dada yangu?

#17 Bint Kisauni

La. Alizeti ni alizeti. Wewe walitazama ua, wenzio walitazama jani.

#18 Nyar Shirati

Sisi dek. Herufi tatu, tumemaliza.

#19 Mjukuu wa Nfumu

Nimesoma maelezo ya Ticha kwamba jina linatokana na kazi. Ni kweli nusu. Nusu nyingine nawaletea mimi, kwa sababu babu yangu alikuwa mganga wa mitishamba upande wa Magu.

Mganga hataji dawa kwa jina la wote. Babu alikuwa na majina yake. Akitaka mizizi ya mlungulungu, ule mti wa magome yenye manundu ambao Pwani wanauita mjafari, mbele ya wagonjwa hasemi mlungulungu. Atasema jina jingine kabisa, ambalo mimi na binamu yangu tu ndio tulilijua, na sisi tunakimbia kuchimba. Mgonjwa akirudi kwao anasema "nilipewa dawa ya fulani", anaanza kuwauliza watu huo mti uko wapi. Hapo jina jipya limeshazaliwa, wala siyo la mti, ni la kufichia mti. Baada ya miaka ishirini mjukuu wa mgonjwa anaapa kwamba kwao mti huo ndivyo unavyoitwa.

Kwa hiyo kabla hamjasema watu wamekosea, kumbukeni kuna majina yaliyotengenezwa ili mkosee.

#20 Ticha wa Mkolani

@Mjukuu wa Nfumu hii nimeipenda na inanivuruga. Maana orodha nyingi za majina ya mimea zilikusanywa kwa kuwauliza waganga. Mtu anakuja na daftari, anamuuliza mzee "hii mnaiitaje", mzee anampa jina la kufichia. Limeandikwa, limechapwa, leo tunalinukuu kama la Kisukuma sanifu.

#21 Ng'wana Ngudu

Mimi siamini ni waganga. Waganga ni wangapi katika kijiji? Majina yamevurugwa na safari. Reli ilileta watu wa Tabora na Pwani, pamba ikaleta wengine, kila mtu alikuja na jina la kwao akalibandika kwenye mti wa kwanza alioona unafanana. Jirani wa mleta uzi ni mfano hai, amekuja na utupa wake kutoka Bagamoyo.

#22 Kapuku wa Igogo

Kwa kuwa leo ni siku ya majina: furu ni samaki au tunda?

#23 Kijana wa Kilosa

Tunda! Mfuru ni mti, furu ni tunda lake, dogo, jeusi likiiva, tamu, linakuachia ulimi mweusi. Tumekulia humo.

#24 Mvuvi wa Kayenze

Kijana, usiseme hivyo ukiwa Mwaloni Kirumba, watakuona umepotea. Furu ni samaki wadogo wa ziwa hili, na siyo aina moja. Watafiti wanataja zaidi ya aina 500 katika Ziwa Victoria. Sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960 alipokuja kushamiri miaka ya 1980, aina nyingi zikatoweka. Mvuvi yeye zote aliziita furu tu. Hapo ndipo nawaunga mkono mnaolalamika: aina mia zinapotea na jina bado lipo sokoni, nani atagundua?

#25 Ng'wana Ngudu

Na huo mfuru wa Kilosa kwetu ni mpulu, matunda yake mapulu. Kwa hiyo ukienda Kilosa kula furu huhitaji chumvi.

#26 Msimamizi

Wakuu, samaki wana jukwaa lao. Turudi kwenye mimea.

#27 Mzinza wa Busisi

Basi nirudi kwenye mimea bila kutoka majini.

Huku kwetu kila kijani kinachoelea ni gugu maji. La zamani mnalijua, majani mapana yanayong'aa, shina lina puto, ua la zambarau lenye jicho la njano. Hilo liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa sehemu kubwa kupitia Mto Kagera. Sasa kuna hili jipya. Majani madogo, mviringo, yamekunjwa katikati, juu yana vinyweleo, halina ua. Linajaza ghuba kama zulia. Kabla Daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa Juni 2025, vivuko vya Kigongo–Busisi vilikuwa vinahangaika nalo, abiria wanakaa wanasubiri. Kwenye mikutano ya kijiji mtu anasimama anasema "gugu maji limerudi". Halijarudi! Hili ni jingine kabisa.

#28 Ticha wa Mkolani

Mzinza amegonga penyewe. La zamani asili yake ni Amerika Kusini, na kilichosaidia kulipunguza miaka ya 1990 ni mbawakawa wadogo wa jamii ya *Neochetina*, waliotolewa kwao wakaachiwa ziwani na nchi zote tatu. Wanakula gugu maji hilo tu. Hili jipya ni *Salvinia*, wala siyo mmea wa maua, liko upande wa mimea ya jamii ya kangaga, na linaenea kwa kukatika vipande. Ukiwaletea *Neochetina* hili jipya watalala njaa. Lina mbawakawa wake mwingine, *Cyrtobagous salviniae*.

Sasa mtu anayesema "leteni wale wadudu wa gugu maji waliotusaidia" anaomba dawa ya mgonjwa mwingine. Ndiyo sababu nasema siku zote: jina la kitaalamu lingetuokoa.

#29 Mjukuu wa Nfumu

Ticha, hilo la kitaalamu nalo halina msimamo. Mwenyewe nilisoma gugu maji ni *Eichhornia crassipes*. Leo vitabu vinasema *Pontederia crassipes*. Gugu halijahama, halijabadilika hata jani.

Na mikakaya je, migunga yote ya nyika zetu? Tulifundishwa ni *Acacia*. Jina lenyewe lilianzia kwenye mti wa Afrika. Mwaka 2005 wataalamu wakakutana Vienna wakaamua jina *Acacia* liende kwa miti ya Australia kwa kuwa kule iko mingi zaidi, wakathibitisha Melbourne 2011, yetu ikaitwa *Vachellia* na *Senegalia*. Melbourne! Kesi ya ng'ombe imesikilizwa kwenye zizi la aliyemchukua. Wakati huohuo mchungaji wa Meatu anaendelea kuuita mgunga kama babu yake alivyouita.

#30 Ticha wa Mkolani

Hapo umenishika pabaya. Lakini walau mabadiliko yameandikwa, unaweza kufuatilia jina la zamani ukafika kwenye jipya. La babu yako utalifuatilia kwa nani?

#31 Mjukuu wa Nfumu

Kwangu. Lete kuku.

#32 Jembe la Mkono

Wabeja kwa uzi. Mimi mkulima wa mtama na mahindi, Misungwi, si mbali na kituo cha utafiti Ukiriguru.

Mmesahau kiduha. Kale kamaua kazuri ka rangi ya waridi kanakosimama katikati ya mtama uliodumaa. Kuna wanaokaita gugu chawi na mimi jina hilo silitaki, nina sababu. Shangazi yangu alimnunia jirani misimu na misimu, akiamini katumiwa kitu shambani, maana mtama unanyauka wakati mvua inanyesha na kwa jirani umestawi. Kumbe kiduha kinanyonya mizizi chini kwa chini wiki nyingi kabla hakijachomoza. Ukikiona juu, hasara imeshaingia. Mche mmoja unamwaga mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, zinakaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikisubiri mzizi wa mtama au wa mahindi. Ukimwambia mtu hilo ni gugu chawi unamtuma kwa mganga. Ukimwambia kiduha, anaweza kwenda kung'oa kabla hakijatoa mbegu, na kubadilisha mazao, apande kunde au karanga.

#33 Nyar Shirati

Kwetu *kayongo*. Na ng'ambo ya Kenya, Mbita, ndiko walikoendeleza kilimo cha vuta-sukuma, unapanda desmodiamu katikati ya mahindi, kayongo inaota lakini haipati mzizi wa kunyonya. Ndugu zangu wa huko wanalima hivyo na wanalisha ng'ombe wa maziwa majani yake.

#34 Mjukuu wa Nfumu

@Jembe la Mkono usitusingizie waganga kila kitu. Babu kiduha alikuwa anakijua.

#35 Jembe la Mkono

Alikijua kwa jina gani, lile la kufichia?

#36 Shangazi wa Nansio

Nimekuwa nasoma kimya, ila niseme hili kwa kuwa ni la watoto.

Ukerewe, mtoto wa kaka yangu alikula mbegu na wenzake wakicheza. Usiku kutapika na kuharisha, tukamkimbiza kwenye matibabu. Daktari anauliza kala nini. Kaka anasema mbono. Mke wake anasema hapana, ni nyonyo. Bibi mzaa mama, mtu wa Pwani, anasema hizo ni mbarika. Daktari kijana akabaki anatutazama mmoja mmoja. Maana kuna wanaoita mbono ule wa mafuta wenye majani ya vidole na maganda yenye miiba laini, na kuna wanaoita mbono ule mbono kaburi, uliokuwa unapigiwa debe miaka ile kwamba utatoa dizeli. Miti miwili tofauti, mbegu za yote miwili ni sumu, lakini sumu zake siyo moja.

Mwisho akasema: acheni majina, nendeni mkaniletee tawi na mbegu. Kaka akapanda pikipiki usiku, akarudi na tawi zima. Ulikuwa mbono kaburi. Mtoto alilazwa, akawekewa maji, akapona, sasa anasumbua tu. Lakini ile nusu saa ya kubishana kitandani kwa mgonjwa siisahau.

#37 Mama Fungu wa Igoma

Pole sana mama, mshukuru Mungu. Kwangu kuna mbono kaburi nyuma ya choo, kesho nang'oa.

#38 Ticha wa Mkolani

Shangazi, pole. Daktari huyo apewe maua yake. Tawi lenye jani, ua na tunda ndiyo jibu, picha ya simu nayo inasaidia.

#39 Mbondei Mhamiaji

Pole sana Shangazi.

Naona tumeshasema jina ni kazi, jina ni siri ya mganga, jina ni mhamiaji, jina ni daftari la mtafiti. Hakuna aliyenijibu Mwanza utupa wa kwetu unapatikana wapi.

#40 Ng'wana Ngudu

Si umuulize Jembe la Mkono, wote mko Misungwi. Ila usiseme utupa, mwelezee lile sweta.

#41 Dalali wa Kitangiri

Kwa kuwa mnaongelea majina, hata mitaa yetu ni miti. Mkuyuni ni mikuyu. Mkolani kwa Ticha ni mkola, mti wa mbao ngumu. Mihama ni ile mivumo mirefu, Kisukuma na Kinyamwezi mhama.

#42 Kapuku wa Igogo

Mihama ni kwa sababu wapangaji wanahama kila mwezi. Madalali mnajua.

#43 Mnyaturu Asiyeteleza

Mimi nilijua ni kwa sababu ya watu waliohamishwa kupisha kitu. Nani ana uhakika?

#44 Dalali wa Kitangiri

Mhama ni mti, mzee. Nenda Tabora uliza.

#45 Bint Kisauni

Na michongoma? Huku kwetu mchongoma ni mti wa matunda, tena wa miiba mikali, wauzwa barazani na watoto. Nilipokuja Mwanza harusini niliambiwa "tukutane penye michongoma", nikatafuta matunda, naona ua umekatwa kwa mkasi kama nywele za shule.

#46 Ng'wana Ngudu

Hiyo ndiyo michongoma. Yale matunda yako ndiyo sijui ni nini.

#47 Jembe la Mkono

@Mbondei Mhamiaji nimesoma maelezo yako upya. Mmea huo uko kwa mzee mmoja jirani yangu, anautumia kwa kupe wa ng'ombe. Yeye anauita "dawa". Njoo Jumamosi, beba mfuko, na usije mikono mitupu kwa mzee.